Kompyuta mpakato ya mwanafunzi kwa bajeti ndogo: kwa nini naichagua ThinkPad T480 iliyotumika kuliko mashine mpya ya bei hiyo hiyo

Naandika uzi huu kwa ajili ya mzazi au mwanafunzi aliyejibana hadi akapata shilingi laki sita, saba au nane za Tanzania za kununulia kompyuta mpakato ya chuo, na ambaye hatakuwa na fedha nyingine ya namna hiyo kwa miaka mitatu au minne ijayo. Kazi ninazozizungumzia ni zile za kila siku: kuandika ripoti na insha, kuandaa mawasilisho, kufungua majedwali ya hesabu, kusoma vitabu vya PDF, kuhudhuria vipindi kwa Zoom na kupakia kazi kwenye mfumo wa chuo. Kwa kazi hizo, msimamo wangu ni kwamba kompyuta ya ofisini iliyotumika, ya mwaka 2018 au karibu na hapo, ikikaguliwa vizuri kabla ya kulipiwa, inamfaa mwanafunzi kuliko kompyuta mpya kabisa ya bei hiyo hiyo. Nitatumia Lenovo ThinkPad T480 kama mfano kwa sababu ndiyo ninayoifahamu hadi chini ya kava lake, lakini karibu yote nitakayosema yanazihusu pia HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490, ambazo ni za rika lake.

Tuanze na ile mpya, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wazazi wengi. Imo ndani ya boksi, ina udhamini, inang'aa na ni nyepesi. Ukisoma karatasi ya sifa zake, mara nyingi utakuta prosesa (ubongo wa kompyuta) kama Intel Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Hifadhi ya eMMC ni chipu iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama, ya jamii moja na zile za simu za bei ya chini, na mara nyingi RAM nayo huchomelewa vivyo hivyo, kwa hiyo mashine uliyoinunua leo ndiyo hiyo hiyo utakayokuwa nayo mwaka wa tatu, bila nafasi ya kuongeza chochote. Microsoft imeweka GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea Windows 11. Maana yake ni kwamba mashine hiyo inatoka dukani ikiwa tayari imesimama kwenye kizingiti, kabla hujaweka programu hata moja ya kwako. Na zile GB 64 hazionekani zote, kwa sababu mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, wakati Windows hugawanya kwa 1,073,741,824, hivyo kwenye kioo utaona takriban GB 59, na humo ndimo mfumo endeshi, masasisho yake, programu za ofisi na faili zako zote vinapopaswa kuenea.

Matokeo yake huonekana pale mwanafunzi anapofungua Zoom, kisha kivinjari chenye kurasa sita, kisha hati ya Word, na mashine ikaanza kusitasita kana kwamba imekwama. Prosesa yenye viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi, na RAM ya GB 4 havitoshi kwa kazi tatu zinazokwenda pamoja, na kufanya kazi tatu pamoja ndiyo hali ya kawaida ya mwanafunzi wa leo. Udhamini wa mwaka mmoja ni kitu kizuri, lakini unalinda dhidi ya uharibifu na hauongezi RAM.

Sasa tuitazame T480. Ilitoka mwaka 2018 kwa ajili ya maofisi, na nyingi zinazofika kwetu ni zile ambazo kampuni za Ulaya, Marekani na kwingineko zimezitoa kazini baada ya miaka yake kadhaa ya matumizi. Prosesa utakayoikuta mara nyingi ni Core i5-8250U au i5-8350U, zenye viini vinne na nyuzi nane (mikondo ya kazi inayokwenda pamoja). Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa na kibandiko. Wanaambiwa kwamba i7 ni bora kuliko i5, na wanaishia kulipia i7-6600U ya mwaka 2015 ambayo ina viini viwili tu, wakiiacha i5-8250U ambayo ina vinne. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, katika namba hizi za tarakimu nne, ndiyo inayotaja kizazi cha prosesa, na kwa mashine za wanafunzi kizazi kina uzito mkubwa kuliko kama imeandikwa i5 au i7. Kizazi cha nane ndicho ambacho prosesa hizi za matumizi madogo ya umeme zilipanda kutoka viini viwili hadi vinne, na hakuna hatua nyingine ya miaka ile iliyombadilishia mtumiaji wa kawaida hali yake kwa kiasi hicho.

Kizazi cha nane kina umuhimu wa pili ambao wauzaji wengi hawautaji. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba. Ukiona duka linauza mashine ya kizazi cha sita ikiwa na Windows 11, fahamu kwamba imewekwa kwa kuzungushwa masharti. Itawaka na itafanya kazi, lakini Microsoft haihakikishi kwamba itaendelea kupokea masasisho. Kwa mtu anayenunua mashine ya kumfikisha hadi mahafali, huo ndio mpaka ninaoushikilia kwa nguvu zaidi kuliko rangi, uzito au chapa.

Kuhusu kuongezeka kwake, T480 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4 na diski inayofunguliwa na kubadilishwa. Nunua yenye GB 8 na SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 256, na mwaka wa pili, bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) likiruhusu, fundi atakuongezea kijiti kingine cha GB 8 kwa kazi ya dakika chache. Ukiikuta ina diski ya zamani ya kuzunguka, weka gharama ya SSD ndani ya hesabu yako tangu mwanzo, kwa sababu diski ya kuzunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde wakati SSD ya SATA husoma takriban MB 500, na tofauti hiyo utaihisi kila unapowasha mashine.

Betri nitaizungumzia kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayowaogopesha watu kuhusu kompyuta zilizotumika, na wana haki ya kuogopa. T480 ina betri mbili. Ya ndani ina wati-saa 24 na huioni mpaka ufungue kava, na ya nje, ambayo huchomolewa kwa mkono, ilitengenezwa kwa ukubwa wa wati-saa 24, 48 na 72. Tuseme unayo ya ndani pamoja na ya nje ya wati-saa 48, jumla 72. Kuandika na kusoma kwa mwanga wa wastani hula takriban wati 7 hadi 9, hivyo betri hizo zikiwa mpya zingekupa saa nane hadi kumi. Zikiwa zimechakaa na kubakiwa na asilimia 60, utakuwa na wati-saa 43, yaani saa tano au zaidi kidogo, ambazo zinatosha kipindi cha asubuhi na maktaba ya mchana. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba betri ya nje ikichoka unainunua nyingine na kuipachika mwenyewe bila bisibisi, na kwa kuwa ya ndani inaendelea kuishikilia mashine, unaweza kubadilisha ya nje hata kompyuta ikiwa inawaka. Waliosoma wakati wa mgao wa umeme wa Tanzania wa mwishoni mwa 2023 watanielewa ninaposema kwamba jambo hili si la anasa. Kuchaji nako ni kwa USB-C, wati 45 au 65, na chaja hiyo hiyo itachaji pia simu yenye tundu la aina hiyo. Chaja ndogo ya simu, kwa upande wake, haitoshi kuiendesha kompyuta.

Kibodi chake ni kizuri kwa mtu anayeandika kurasa nyingi, na hilo nalisema kwa kulinganisha na mashine zote za bei hii. Kamera ni ya kawaida. Uzito wake, unaokaribia kilo mbili ukiweka betri kubwa, utausikia begani ukitembea kutoka hosteli. Kasoro kubwa iko kwenye kioo, kwa sababu T480 iliuzwa na vioo vya aina kadhaa. Cha bei ya chini ni cha TN chenye nukta 1366 kwa 768, ambacho rangi zake hubadilika ukiinamisha kichwa na maandishi yake huchosha macho. Kinachofaa ni cha IPS chenye nukta 1920 kwa 1080. Mashine zinafanana kabisa zikiwa zimezimwa, kwa hiyo usikubali kuichagua mpaka iwake na uone idadi ya nukta za kioo kwenye mipangilio. Kama tofauti ya bei ni elfu hamsini, ilipe bila kusita, kwa sababu kioo ndicho utakachokitazama miaka yote hiyo.

Nenda dukani, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au mji wowote ulipo, ukiwa na muda wa kutosha, flashi na simu yenye bando. Omba mashine uikague ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Kwanza fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Humo kuna tarakimu mbili kwa kila betri, uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki, na ukigawanya ya pili kwa ya kwanza utajua hali halisi ambayo hakuna muuzaji anayeweza kuipamba kwa maneno. Mimi huanza kujadili upya bei chini ya asilimia 60. Kisha andika slmgr /xpr uone kama leseni ya Windows ni ya kudumu. Ukiona tarehe ya kwisha, ujue imewashwa kwa njia ya muda, na huenda siku moja ukaamka na ujumbe wa kudaiwa leseni katikati ya mitihani.

Zima mashine, iwashe upya, uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows), kwa F1 kwenye ThinkPad, F10 kwenye HP na F2 kwenye Dell. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache hapo hapo. Mashine za ofisini zina hatari moja ambayo haionekani kwa macho: nyingine bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni iliyozimiliki. Inaweza kufanya kazi vizuri leo, na siku utakapoweka Windows upya ikiwa imeunganishwa na intaneti ikakudai akaunti ya kampuni usiyoijua. Njia ya uhakika ni kumwomba muuzaji airejeshe mashine katika hali ya mwanzo mbele yako, uiunganishe na simu yako, na uangalie hatua za kuanzisha. Inachukua muda, lakini muuzaji mwaminifu atakubali.

Baada ya hapo yaliyobaki ni mepesi. Bonyeza kila kitufe, chomeka flashi kwenye kila tundu, washa kamera na spika, funga na kufungua kioo usikilize bawaba, kisha cheza video kwa muda huku umeshika sehemu ya kutolea hewa uone kama feni inapiga kelele isiyo ya kawaida. Angalia pia mpangilio wa herufi, kwa kuwa mashine zilizotoka Ujerumani zina Y na Z zilizobadilishana nafasi na za Ufaransa zinaanza na AZERTY, na mara nyingine vibandiko huwekwa juu kuficha hilo. Mwisho dai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye namba ya utambulisho ya mashine, pamoja na muda wa kurudisha ulioandikwa, hata kama ni wiki mbili tu.

Mzazi wa Morogoro: Mwanangu, nashukuru kwa maelezo haya. Binti yangu anakwenda kusoma sosholojia na mimi nina laki tano tu, siwezi kufika hizo laki saba. Dukani wananionyesha EliteBook 840 G3 na wanasema ni imara. Je, niache kabisa mpaka nipate nyongeza?

Mleta uzi: Shikamoo mama. Usiache, ila ununue ukijua unachokinunua. Hiyo 840 G3 ni ya 2016, ina prosesa ya kizazi cha sita yenye viini viwili, nafasi mbili za RAM na mwili imara, na kwa sosholojia, ambayo ni kusoma na kuandika kwa wingi, itamtosha ikiwa na GB 8 na SSD. Tatizo lake ni mfumo endeshi. Windows 10 ina mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026, na baada ya hapo ningemwekea mfumo endeshi wa Linux Mint pamoja na programu za ofisi za LibreOffice, ambavyo ni bure na havimlazimishi kutumia programu zilizovunjwa leseni, ambazo ndizo mlango mkubwa wa virusi. Kuna jambo la kumwandaa nalo: hati ya LibreOffice ikifunguliwa kwa Word mpangilio wake unaweza kusogea, hivyo azoee kukabidhi kazi kwa PDF, na pale mwalimu anapodai Word aihakikishe kwanza kwenye kompyuta ya maktaba. Nikipewa kuchagua kati ya hiyo na Celeron mpya ya GB 4, ningempa hiyo ya zamani.

Fundi wa Mwanza: Ndugu mleta uzi, nakubaliana na mengi, lakini kuna mambo mawili hujayagusa na wateja hunijia nayo. T480 ilikuwa na kasoro ya programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya kasi ya tundu lake la USB-C), iliyoweza kuharibu tundu la USB-C, na kwa kuwa mashine hii inachajiwa kwa USB-C pekee, matundu yake yakifa umebaki na kopo. Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha, lakini haliponyi tundu lililokwisha kuharibika. Mnunuzi ajaribu matundu yote mawili ya USB-C kwa kuchaji, kisha aweke masasisho ya Lenovo siku ile ile anayofika nyumbani. Pili, wanaochukua EliteBook 840 G5 waangalie kama kioo chake ni kile chenye kinga ya faragha. Baadhi zina kitufe cha kuiwasha, na vioo hivyo huonekana hafifu ukivitazama kwa pembe, kwa hiyo wanafunzi wanaosoma wawili wawili kwenye mashine moja hawatavifurahia. Kwa bei sawa bado ningempa mtu ile G5, kwa sababu inachajiwa kwa tundu la duara na kwa USB-C pia.

Mleta uzi: Nakushukuru fundi, na hoja ya tundu la kuchajia naikubali kabisa. Kinachonibakiza upande wa T480 ni ile betri ya nje, kwa kuwa ya G5 iko ndani na mwanafunzi wa mbali na mjini atahitaji fundi kuibadilisha. Aliye mjini karibu na mafundi hatakosea akifuata ushauri wako.

Mwanafunzi wa usanifu majengo: Kaka, sisi tunaotumia AutoCAD na Revit, programu za kuchorea majengo, je? Nimeshawekewa T480 kando nikalipie wiki hii.

Mleta uzi: Usilipie kabla ya kuangalia mtaala wako. AutoCAD hula RAM nyingi, na kwa michoro ya pande mbili T480 ukiiongezea hadi GB 16 itakuvusha. Revit na kazi za kutengeneza picha za majengo ni habari nyingine, kwa sababu T480 nyingi hutegemea chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa, nayo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Waulize walio mwaka wa tatu ni muhula gani Revit inaanza. Kama ni mwaka wa pili au wa tatu, unaweza kuanza na mashine hii na kutumia maabara ya chuo kwa kazi nzito huku ukijiwekea akiba. Kama inaanza mara moja, fedha hizi ziongeze, utafute mashine yenye kadi ya picha inayojitegemea, hata kama ni nzito na betri yake ni fupi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: Na MacBook Air ya 2017 au Chromebook iliyotumika? Zote nimeziona kwa bei ndogo kuliko T480.

Mleta uzi: MacBook Air ya 2017 inaishia kwenye macOS Monterey, mfumo uliotoka 2021, na RAM yake imechomelewa, kwa hiyo unanunua kitu ambacho muda wake umeshapita na hakiongezeki. Chromebook, kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Google, ni nafuu na betri yake hukaa, lakini kila moja ina tarehe yake ya kukoma masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka kumi ya masasisho kwa zile zilizotoka kuanzia 2021, na zile za kabla ya hapo ndizo zinazojaa kwenye maduka ya bei ndogo, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei fungua mipangilio uitafute tarehe hiyo. Kumbuka pia kwamba SPSS (programu ya takwimu) na programu nyingine za Windows hazitakubali kuwekwa humo, na kazi nyingi utazifanya kwa intaneti. Ikiwa hosteli yako haina mtandao wa uhakika na bando unanunua mwenyewe, jumlisha gharama hiyo ya kila mwezi kwenye bei ya Chromebook kabla ya kuilinganisha na T480.